Kushusha fremu peke yake hakutibu kamera inayoganda

Simu ikionyesha picha ya dukani inaganda, inaruka sekunde tatu, kisha inaganda tena, mafundi wengi wa kamera hapa Dar es Salaam wana dawa moja: kushusha fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, kutoka 25 hadi 12, wengine hadi 6. Mara nyingi hali inabaki vilevile, na mwenye duka anaishia kuambiwa, "Bosi, intaneti yako ndogo." Huenda ni ndogo kweli. Lakini kabla hujalipia kifurushi kikubwa zaidi, fungua ukurasa wa video ndani ya kamera yenyewe, utafute aina ya bitireti, yaani kiasi cha data ambacho kamera inatuma kila sekunde. Kama imeandikwa CBR, kule kushusha fremu hakukupunguza hata kilobiti moja.

CBR ni bitireti isiyobadilika. Kamera iliyoambiwa itume megabiti 6 kwa sekunde itatuma megabiti 6, ziwe fremu 25 au 6. Fremu zikipungua, kila moja inapata biti nyingi zaidi, basi picha inakuwa safi kidogo. Waya, swichi, diski na bando vinabeba mzigo uleule. VBR, bitireti inayobadilika, ndiyo inayofuata mandhari: ukumbi mtupu unatumia biti chache, mlango wenye watu unatumia nyingi, mpaka kwenye ukomo uliouweka wewe. Hapo ndipo idadi ya fremu inaanza kuwa na uzito, ingawa kutoka 25 kwenda 12 bado hakukupi nafuu ya nusu. H.264 na H.265, kodeki zinazobana video, hutuma picha kamili mara mojamoja, na katikati yake hutuma mabadiliko tu. Fremu zikitengana, mtu anayepita anakuwa amesogea zaidi kati ya moja na inayofuata, kwa hiyo kila badiliko linakuja na biti nyingi kuliko awali.

Utaratibu unaofaa, kwa maoni yangu, ni kuanza na ukomo wa bitireti, halafu kuchagua fremu kwa kuangalia nini kinatakiwa kuonekana, halafu kupanga umbali wa picha kamili. Ukubwa wa picha, yaani megapikseli, uguswe mwisho kabisa, kwa sababu sura ya mtu ikishakuwa na pikseli chache hakuna fremu zitakazoirudisha.

Namba ya kukariri

Megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodiwa saa 24, ni gigabaiti 10.8. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 10,800. Ukiishika hii, huhitaji programu yoyote ya kukokotoa diski.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi Tegeta lenye kamera 8 za megapikseli 4. Mbili zinatazama geti, moja kaunta, tano zimegawana stoo, uzio na uwanja wa saruji na nondo. Zikiachwa kwenye megabiti 6 kila moja, jumla ni megabiti 48 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 518 kwa siku. Diski ya terabaiti 4 inajaa kabla ya siku ya nane kuisha, kisha NVR, mashine inayorekodi kamera zote, inaanza kufuta za zamani. Upungufu wa nondo hugundulika wakati wa kuhesabu stoo mwisho wa mwezi, na hapo video ya siku ya wizi imeshafutwa wiki mbili nyuma.

Sasa panga upya. Kamera zote ziwe H.265 na VBR. Za geti zipewe ukomo wa megabiti 4 na fremu 20. Ya kaunta megabiti 3 na fremu 20. Zile tano zilizobaki megabiti 1.5 na fremu 10. Jumla ya ukomo ni 8 na 3 na 7.5, yaani megabiti 18.5 kwa sekunde. Hiyo ni takriban gigabaiti 200 kwa siku, na diski ileile ya terabaiti 4 inafikisha siku 20 hata kamera zote zikigonga ukomo mchana na usiku. Ya terabaiti 6 inakugawia mwezi bila akiba yoyote, hivyo anayetaka mwezi wa uhakika anunue ya 8. Inunuliwe diski ya kamera, WD Purple au Seagate SkyHawk, kwa sababu ya kompyuta ya mezani haikutengenezwa kuandikiwa saa 24.

H.265 ilikamilishwa mwaka 2013, miaka 10 baada ya H.264, na kwa ubora uleule hutumia karibu nusu ya biti. Hakikisha tu kwamba NVR inaipokea. Kuna pia kodeki zilizoongezewa akili, kama H.265+ ya Hikvision na Zipstream ya Axis, ambazo hupeleka mbali picha kamili pale mandhari yanapotulia. Kwenye korido ya ofisi Upanga zinaokoa sana. Kwenye kamera inayotazama umati wa Kariakoo mchana haziokoi kitu cha maana, kwa sababu hakuna kinachotulia.

NVR nayo ina kikomo chake cha mzigo unaoingia. Ndogo ya chaneli 4 inaweza kuwa na megabiti 40 tu, ya chaneli 8 ikawa na 80. Namba halisi iko kwenye karatasi ya maelezo, isome kabla ya kulipa. Ukikipita, kamera ya mwisho kuongezwa inakataa kuunganishwa au inaingia na kutoka. Usichanganye hilo na uwezo wa kuonyesha: NVR inaweza kurekodi kamera zote vizuri huku kwenye skrini baadhi ya vyumba vya picha vikiwa vyeusi, kwa sababu kichakataji chake hakiwezi kufungua picha kubwa nyingi kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kuweka mkondo mdogo, yaani nakala nyepesi ya video ileile, kwenye mwonekano wa vyumba vingi.

Fremu ngapi, na kwa nini

Kamera ya mtandao ya Axis iliyotoka mwaka 1996, Neteye 200, ilitoa picha moja kwa sekunde kwenye ukubwa mdogo, na picha moja kila sekunde 17 kwenye ukubwa mkubwa. Leo mtu analalamika kwamba fremu 15 "hazina ulaini". Ulaini ni wa sinema. Kamera ya ulinzi inahitaji fremu za kutosha ili tukio lisipite katikati ya picha mbili.

Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa fremu 10 anasogea sentimita 14 kati ya picha na picha, na hiyo inatosha kabisa stoo, koridoni na kwenye uzio. Kaunta ni jambo jingine. Vidole vinavyohesabu noti, au mkono wa mhudumu wa kibanda cha wakala unaoteremka chini ya meza, vina kasi kuliko miguu. Pale fremu 20 zina kazi. Gari linaloingia kwa kilomita 40 kwa saa linakwenda mita 11 kila sekunde. Kamera ya namba za magari huona namba vizuri kwenye kipande kifupi cha njia, tuseme mita 4. Kwa fremu 5 gari linapita mita 2.2 kati ya picha mbili, hivyo unapata picha moja au mbili za namba, na moja ikiharibiwa na taa za mbele umebaki mikono mitupu. Kwa fremu 20 unapata kama 7.

Lakini hapa ndipo watu wanapoponzwa. Ukungu wa mwendo hautokani na fremu, unatokana na shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga kwa kila picha. Shata ikiwa 1/25 ya sekunde, gari lile linaacha mfifio wa sentimita 44 ndani ya picha moja, kwa hiyo fremu 25 zinakupa picha 25 zisizosomeka kila sekunde. Shata ikiwa 1/500, mfifio ni sentimita 2 na ushee, na namba inasomeka hata kwa fremu 10. Kamera ikiachwa kwenye shata ya kujipanga yenyewe, usiku inashuka mpaka 1/25 au chini zaidi ili ipate mwanga. Geti la namba za magari lipewe shata ya kudumu kati ya 1/500 na 1/1000 pamoja na taa ya infraredi inayolenga usawa wa namba. Picha nzima itakuwa giza, namba itang'aa kwa sababu inarudisha mwanga. Sura ya dereva ichukuliwe na kamera ya pili. Kamera moja haiwezi kazi zote mbili usiku.

Kwenye ukurasa huohuo hakikisha umeme umewekwa hertzi 50. Baadhi ya kamera huja na 60, na chini ya taa za mirija picha inapitiwa na michirizi inayopanda na kushuka. Mtu wa kawaida huona ni kero ya macho tu, ila kodeki inaihesabu michirizi ile kama mabadiliko kila fremu, na bitireti inapanda bila mtu hata mmoja kupita. Ukiweka 50, shata ya 1/50 au 1/100 inaitoa.

Picha kamili zije kila baada ya muda gani? Kwenye menyu umbali huu huandikwa kwa idadi ya fremu, na hapo pana mtego. Kiwandani huwekwa 50 kwa fremu 25, yaani kila sekunde 2. Fundi akishusha fremu hadi 10 na kuiacha ile 50, picha kamili sasa inakuja kila sekunde 5. Paketi moja, yaani kipande kidogo cha data, ikipotea njiani, skrini inajaa madoa ya kijivu mpaka picha kamili inayofuata ifike. Simu nayo inachelewa kufungua kwa sababu inaisubiri hiyohiyo. Kanuni yangu ni fremu mara 2 kwa kamera ya waya, na sawa na fremu zenyewe kwa kamera ya Wi-Fi. Kuisogeza karibu zaidi ya hapo ni kupoteza biti, kwa kuwa picha kamili ndiyo nzito kuliko zote.

Usiku na masika

Kamera ya VBR inayotumia megabiti 1.2 mchana inaweza kugonga ukomo wa 4 kuanzia saa moja jioni, hakuna hata paka aliyepita. Sababu ni chengachenga. Mwanga ukipungua, kamera inakuza mawimbi ya sensa, na punje zinazotokea hubadilika kila fremu. Kodeki haijui kwamba ni takataka, inazituma zote. Anayepima mfumo mchana na kuondoka amepima nusu ya kazi.

Cha kwanza ni mwanga. Taa ya LED ya wati 20 au 30 inayomulika uwanja inashusha bitireti kuliko mpangilio wowote, na inakuachia rangi za nguo. Cha pili, weka kikomo cha ukuzaji wa sensa, kama 50 au 60 kwenye kipimo cha 100. Cha tatu, kipunguza chengachenga kiwe katikati. Kikipandishwa juu kabisa, mtu anayepita anaacha kivuli nyuma yake kama mzuka na sura inayeyuka.

Halafu kuna viumbe na mimea. Mvua za masika zikianza, kumbikumbi wanafuata taa, na taa ya infraredi iliyo ndani ya kamera inawaangaza sentimita chache mbele ya lenzi: picha nzima inatapakaa madoa meupe, bitireti inapaa, kengele za mwendo zinalia usiku kucha. Buibui wanakuja nyuma yao kula, na utando wao unabaki. Zima infraredi ya kamera, funga ya pembeni umbali wa mita moja au zaidi, na lenzi ifutwe kila mwezi. Minazi na miti ya mwarobaini inayoyumba kwa upepo wa bahari Mbezi Beach au Kigamboni ina madhara hayohayo, mchana na usiku. Geuza kamera kidogo, au ziba sehemu ya mti kwa kifuniko cha faragha kilichomo kwenye menyu. Eneo lililozibwa ni rangi moja isiyobadilika, halili biti. Kifuniko hichohicho kizibe dirisha la jirani, hasa sasa ambapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Swichi, waya na kitufe kidogo cha "Extend"

Swichi nyingi za bei nafuu za PoE, yaani zinazopeleka umeme kwa kamera kupitia waya wa mtandao, zina kitufe mbele kilichoandikwa "Extend" au "250m". Kinafanya waya ufike mita 250 badala ya 100, na gharama yake ni kwamba milango ya swichi inashuka kutoka megabiti 100 hadi 10. Mtu anakibonyeza ili kamera moja ya mbali iwake, bila kujua kwamba kwenye swichi nyingine kitufe hicho kinashusha milango yote. Kamera ya megapikseli 8 yenye wastani wa megabiti 8 inaonekana ingetosha kwenye 10, ila picha kamili inapofika inataka nafasi kubwa kwa mkupuo, foleni inajaa, paketi zinamwagika. Matokeo ni picha inayokatika kila baada ya sekunde mbili kwa mpangilio kama saa. Ukiona kukatika kwenye mdundo, angalia kitufe hiki kabla ya kitu kingine.

Mkupuo huo huo unaweza kuiangusha swichi nzima. Tuseme kamera 16, kila moja ikiwa na picha kamili ya kilobaiti 200. Umeme wa TANESCO ukirudi, kamera zote zinawaka pamoja, na picha zao kamili zinaweza kuangukia karibu wakati mmoja: megabaiti 3.2, yaani megabiti 25.6, zinazotaka kupita kwenye waya mmoja wa kwenda NVR. Kwenye mlango wa megabiti 100 inachukua robo sekunde na zaidi, na kumbukumbu ndogo ya swichi ya bei chee haiwezi kushika foleni hiyo. Wastani wa megabiti 40 unaonekana salama kabisa kwenye karatasi, picha zinakatika hata hivyo. Milango ya kamera inaweza kubaki ya megabiti 100, lakini mlango wa kwenda NVR uwe wa gigabiti. Na kwa kuwa tumetaja umeme: kamera zipewe anwani za kudumu, la sivyo rauta ikiwaka inazigawia mpya na NVR inazipoteza.

Waya wenyewe ukwanguliwe kwa kisu kabla ya kununua boksi zima. Ukionekana mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa mita 20 utaponea; kwa mita 80 umeme wa PoE unapungua njiani, na usiku infraredi inapowaka na kudai wati zaidi, kamera inazima na kuwaka upya. Mwenye duka anaita hiyo "mtandao". Karibu na bahari chumvi inakula pini za RJ45, kiunganishi cha waya wa mtandao, mpaka zinaota kijani. Kiunganishi cha nje kikae ndani ya boksi lisilopitisha maji, wala kisining'inie chini ya bati.

Kupima ni rahisi. Kwenye kompyuta iliyo kwenye swichi ileile andika ping -t -l 1400 ikifuatiwa na anwani ya kamera, iache dakika 10, usiku taa za infraredi zikiwa zinawaka. Kwenye waya mzima unatarajia chini ya milisekunde 2 na hakuna hata paketi moja iliyopotea. Ikipotea moja katika mia, usiguse mipangilio ya video, tafuta waya.

Wi-Fi siisemei mengi. Kwenye majengo yaliyobanana ya Sinza au Kariakoo, masafa ya gigahertzi 2.4 yamejaa rauta za majirani, na kamera moja yenye mawimbi hafifu inachukua muda wa hewa wa zote. Mbili au tatu zinavumilika, nane hazifai.

Mkondo wa simu

Kutazama ukiwa mbali kunategemea kasi ya kupakia ya pale dukani, nayo kwenye laini nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua ambayo tangazo linaisifia. Ipime saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kila kamera ina mkondo mkuu wa kurekodi na mkondo mdogo wa kutazama. Mdogo uwe 640 kwa 360, fremu 8 au 10, kilobiti 384 hadi 512, picha kamili kila sekunde 2. Uache uwe H.264, maana simu za zamani na vivinjari vingi vinasumbuka na H.265. Vyumba 8 vya kilobiti 512 ni takriban megabiti 4 za kupakia, na hapo ndipo rauta ya 4G inapoanza kuhema.

Kwa bando, saa moja ya mkondo mdogo wa kilobiti 512 ni megabaiti 230. Saa moja ya mkondo mkuu wa megabiti 4 ni gigabaiti 1.8. Programu nyingi za simu zinaruka zenyewe kwenda mkondo mkuu ukigusa kamera moja ijae skrini, basi mfundishe mwenye duka kitufe cha kurudisha ubora wa chini. Kila anayetazama anavuta nakala yake: bosi, mkewe na meneja wakifungua kamera moja, kinachopanda ni mara tatu.

Laini za 4G kwa kawaida hazikupi anwani ya umma, hivyo huduma ya P2P ya mtengenezaji, inayokutanisha simu na kamera kupitia seva yake, ndiyo njia iliyobaki, na inatosha. Kwenye faiba, usifungue milango ya rauta (port) namba 80, 554 au 8000 kwa dunia nzima. Virusi vya Mirai vya mwaka 2016 viliteka kamera na mashine za kurekodi (DVR) zilizoachwa na nywila za kiwandani, zikatumika kushambulia wengine. Kamera iliyotekwa inakula kasi yako ya kupakia, na hakuna kushusha fremu kutakakoirudisha.

Ukimaliza, hamisha faili la mipangilio ya kila kamera na la NVR kwenye flashi, umwachie mwenye duka. Kamera iliyobadilishwa, au iliyorudishwa kiwandani baada ya programu kusasishwa, inaingia kwenye NVR ikiwa na mipangilio yake ya mwanzo, mara nyingi CBR na fremu zote. Picha inaonekana nzuri, kwa hiyo hakuna anayeshtuka mpaka siku za kumbukumbu zinapopungua kutoka 20 hadi 16.